Mfupa Unaokataa Kuunga: Damu Inaweza Kutuambia Nini?

Popote ulipo, iwe jikoni ukimenya viazi, sokoni kwenye kibanda chako au kando ya kitanda cha mgonjwa, tega sikio. Leo ninazungumza na akina mama na walezi ambao nyumbani kwao kuna mtu aliyevunjika mfupa, miezi inapita, na mfupa haujaunga.

Unamjua ninayemsema. Ni yule kijana aliyeanguka na boda boda. Alipelekwa hospitali, akafungwa plasta au akawekewa chuma, akarudi nyumbani na magongo. Mlihesabu miezi mitatu, mkahesabu sita. Jirani mmoja akashauri supu ya mifupa, mwingine akaleta mafuta ya kuchua, wa tatu akasema kuna mzee ng'ambo ya mto anayejua kuunga mifupa. Na kijana bado hawezi kuukanyagia mguu. Ukimuuliza anasema, "Mama, ndani kunauma tu." Ukitazama kidonda, kimekauka. Ukigusa ngozi, haina joto. Sasa shida ni nini?

Shida zaweza kuwa kadhaa. Mfupa huchelewa kwa sababu ya sigara, ugonjwa wa kisukari, chakula duni, vipande vya mfupa kuachana, chuma kulegea, au damu kutofika vizuri mahali palipovunjika. Mengi ya haya daktari huyajua kwa kumhoji mgonjwa na kutazama picha ya eksirei. Lakini kuna sababu moja inayojificha, nayo ni maambukizi ndani ya mfupa. Bakteria walioingia siku ya ajali, au siku ya upasuaji, wanaweza kukaa humo kimya kwa miezi, hata kwa miaka, na ngozi juu yao imefunga vizuri kabisa.

Wakiwapo hao, daktari anaweza kubadilisha chuma, anaweza kuchota mfupa wa nyonga na kuupandikiza kwenye mguu, na bado usiunge. Pesa zimekwisha, shamba pengine limewekwa rehani, na mgonjwa amepasuliwa bure. Ndiyo maana kabla mtu hajarudishwa chumba cha upasuaji ni sharti swali liulizwe: je, kuna maambukizi? Jibu la swali hilo huanzia kwenye damu kidogo inayotolewa mkononi. Nasema huanzia, na neno hilo ulishike, kwa maana wengi hudhani damu ndiyo mwanzo na mwisho.

Kwanza tuelewane juu ya muda. Mfupa hauna haraka. Mkono wa mtu mzima huhitaji majuma 6 hadi 12 hivi. Mguu huchukua miezi 3 hadi 6, na mfupa wa muundi, ule wa mbele chini ya goti, ukiwa ulitoboa ngozi waweza kupita hapo. Mtoto huunga upesi kuliko mtu mzima. Kwa hiyo mguu wa mtu mzima ambao haujaunga baada ya miezi 2 si jambo la kukufanya ukose usingizi. Madaktari wengi hutumia kanuni hii: ikiwa miezi 9 imepita tangu ajali, na picha za miezi 3 ya mwisho hazionyeshi maendeleo yoyote, basi mfupa huo umekataa kuunga.

Hata hivyo, usingoje miezi 9 iishe ikiwa una sababu ya kushuku. Je, mfupa ulitoboa ngozi siku ya ajali? Je, kidonda kilichelewa kupona au kilitoa majimaji baada ya upasuaji, hata kwa siku chache? Je, kuna kitundu kidogo kinachofunga na kufunguka tena, leo kikavu, mwezi ujao kinatoa usaha? Je, maumivu yalikuwa yamepungua, kisha yakarudi? Je, amepasuliwa zaidi ya mara moja mahali hapo? Ukijibu ndiyo kwa lolote kati ya haya, mwambie daktari, na usingoje akuulize. Kliniki ya mifupa huwa na foleni ndefu, na lile jambo la majimaji ya mwaka jana huenda halikuandikwa popote isipokuwa kichwani mwako.

Sasa, kwa nini maambukizi haya hayana kelele? Mama, fikiria jerikeni ya maji ambayo haijasuguliwa kwa muda mrefu. Ukiingiza kidole unakuta utelezi umeshika ukutani. Ukiisuuza kwa maji peke yake utelezi hautoki, ni lazima usugue kwa mchanga au brashi. Bakteria hufanya vivyo hivyo juu ya chuma na juu ya kipande cha mfupa uliokufa. Hujitengenezea utando wa utelezi na kujificha ndani yake. Dawa haiwafikii vizuri, na askari wa mwili hawawafikii. Humo ndani hawazaani kwa haraka wala hawaleti homa kali. Wanakaa tu, na mfupa unashindwa kuunga.

Basi twende kwenye damu. Mgonjwa hahitaji kulala njaa. Hutolewa kiasi cha kijiko kimoja cha chai, mara nyingi katika chupa mbili ndogo. Nasema hivi kwa sababu nimekutana na wazazi wanaoamini kwamba hospitali "inamaliza damu" ya mtoto wao. Kijiko cha chai, basi. Kwenye fomu utaona vipimo vitatu, na ni vizuri uvijue kwa majina, kwa kuwa wewe ndiwe unayebeba makaratasi.

Cha kwanza ni hemogramu, ambayo hubeba hesabu ya chembe nyeupe za damu, wale askari niliowataja. Maambukizi yakiwa makali, askari huongezeka. Vitabu vingi husema mtu mzima huwa na chembe 4,000 hadi 11,000 katika kila maikrolita ya damu, ambayo ni tone dogo mno. Lakini viwango hivyo vilipimwa zaidi kwa watu wa Ulaya na Marekani. Waafrika wengi, wakiwa wazima kabisa, wana chembe nyeupe chache kuliko hizo kwa maumbile yao. Mtu ambaye kawaida yake ni 3,500 akipanda hadi 8,000 amepanda sana, na karatasi bado itasema yuko sawa. Pia katika maambukizi ya muda mrefu ya mfupa, hesabu hii mara nyingi haipandi kabisa. Kati ya vipimo vitatu, hiki ndicho ninachokitegemea kwa uchache zaidi katika jambo hili. Kizuri chake ni kwamba hemogramu hiyo hiyo huonyesha kiwango cha hemoglobini, na upungufu wa damu ni jambo la kujua kabla ya upasuaji wowote.

Cha pili ni ESR, yaani kasi ya chembe nyekundu kuzama. Ni kipimo cha zamani. Njia inayotumiwa hadi leo ilielezwa na daktari Msweden, Alf Westergren, mwaka 1921, na mrija wake bado una jina lake. Damu hutiwa ndani ya mrija mwembamba uliosimama wima, ikaachwa saa moja bila kutikiswa. Chembe nyekundu huzama polepole, na juu hubaki maji ya rangi ya manjano. Mhudumu wa maabara husoma ni milimita ngapi zimebaki wazi. Mwili ukiwa na uvimbe wa ndani, protini fulani huongezeka kwenye damu na kuzifanya chembe nyekundu zishikane kama chapati zilizorundikwa. Rundo ni zito, kwa hiyo huzama upesi na nambari inakuwa kubwa. Kwa kijana mwanamume, wengi hutazamia chini ya 15, na kwa mwanamke kijana chini ya 20. Kwa wazee huwa juu kidogo.

ESR ni ya bei nafuu na hospitali nyingi huifanya. Lakini mama, ESR ni kama mbwa anayebwekea kila apitaye. Hupanda kwa upungufu wa damu. Hupanda kwa mwanamke mjamzito. Hupanda kwa kifua kikuu, kwa virusi vya UKIMWI, kwa ugonjwa wa viungo na kwa mengine mengi. Kwa upande mwingine, kwa mtu mwenye ugonjwa wa selimundu chembe zake haziwezi kurundikana vizuri kwa sababu ya umbo lake, na ESR yake yaweza kubaki chini hata kama ana maambukizi makubwa. Nalitaja hili kwa makusudi kwa wenzangu wa magharibi mwa Kenya na wa Pwani, ambako selimundu ni nyingi, kwa sababu watoto hao ndio hao hao wanaopata maambukizi ya mifupa kwa urahisi. Ikiwa mtoto wako ana selimundu, liseme hilo kabla damu haijatolewa.

Cha tatu ni CRP. Hii ni protini inayotengenezwa na ini mara mwili unaposikia kuna vita mahali fulani. Ilitambuliwa mwaka 1930 katika damu ya wagonjwa wa nimonia kule New York. Katika mtu mzima wa afya huwa chini ya miligramu 10 kwa lita, na maabara nyingine huweka mpaka kwenye 5. Ubora wa CRP ni wepesi wake. Hupanda ndani ya saa chache na, vita vikiisha, hushuka kwa siku chache. Baada ya upasuaji wa mfupa hupanda hata kama hakuna bakteria, kwa kuwa kupasuliwa kwenyewe ni jeraha. Hufika kilele siku ya pili au ya tatu, kisha hushuka, na kwa kawaida baada ya majuma 2 hadi 3 imerudi karibu na ilivyokuwa. ESR huchelewa zaidi, mara nyingine miezi.

Hapo ndipo pana siri ya kusoma vipimo hivi. Nambari moja peke yake husema machache. Tuseme CRP ya kijana wako ilikuwa 90 siku ya tatu baada ya upasuaji. Hilo halimtishi daktari. Juma la pili ikawa 25, vizuri. Juma la nne ikawa 60. Hapo kuna jambo, hata kama kidonda kinapendeza. Sasa daktari ataonaje mwendo huo ikiwa karatasi ya kwanza iliachwa hospitali moja, ya pili iko kwenye maabara ya kibinafsi, na ya tatu imefungiwa sukari? Nunua faili ya karatasi ngumu. Tia humo kila karatasi ya maabara na kila picha ya eksirei, kuanzia ya siku ya ajali. Andika tarehe juu kwa kalamu ikiwa haikuandikwa. Na ikiwezekana, rudia kipimo kwenye maabara ile ile.

Sasa twende kwenye maana yake. Ikiwa vipimo vyote vitatu vimepanda, na mfupa haujaunga, na hakuna ugonjwa mwingine unaoeleza kupanda huko, shaka ya maambukizi huwa kubwa sana, na daktari atajipanga kwa upasuaji wa namna nyingine kabisa. Kikipanda kimoja tu, hasa ESR, ni lazima atafute kwanza sababu nyingine. Na vikiwa sawa vyote je?

Hapa naomba usikilize kwa makini. Vipimo vyote vitatu vyaweza kuwa sawa na maambukizi yakawapo. Wale bakteria wa kwenye utelezi wa jerikeni hawafanyi vita vya kutosha kuiamsha damu. Nimesikia mama akisema kwenye kliniki, kwa furaha, "Damu imesema hana kitu." Damu haikusema hivyo. Damu ilisema haijasikia kitu. Mwaka 2018 wataalamu wa mifupa na wa maambukizi kutoka nchi mbalimbali walichapisha makubaliano juu ya jinsi ya kutambua maambukizi ya mfupa uliovunjika. Kupanda kwa vipimo vya damu walikuweka katika kundi la dalili za kutia shaka. Katika kundi la uthibitisho waliweka mambo kama tundu linalofika hadi kwenye mfupa au chuma, usaha, na bakteria wa aina moja kukutwa katika vipande viwili au zaidi vya nyama vilivyochotwa ndani, mahali mbalimbali.

Kwa hiyo usishangae daktari akikuambia kwamba damu iko sawa lakini bado atachota vipande siku ya upasuaji. Kwa kawaida huchota vitano au zaidi karibu na mfupa, kila kimoja kwa kifaa safi na ndani ya chupa yake, vikapelekwa maabara kuoteshwa. Bakteria wengine huota polepole, hivyo jibu la mwisho laweza kuchukua hadi siku 14. Usidhani wamekusahau. Na ukiambiwa pamba ilipitishwa juu ya kidonda na ikaonyesha bakteria fulani, ujue hao wanaweza kuwa wa ngozi tu, si wale walio mfupani.

Jambo linaloharibu kazi hii kuliko yote ni dawa za antibiotiki za kununua dukani. Mguu unauma, mtu anaenda kwa duka la dawa, anapewa vidonge vya siku tano. Maumivu yanapungua, CRP inashuka kidogo, na bakteria wa juu juu wanakufa. Wale wa ndani ya utando wanabaki. Siku ya upasuaji vipande vinaoteshwa, hakuna kinachoota, na daktari hajui atumie dawa gani. Mara nyingi madaktari hutaka mgonjwa awe ameacha antibiotiki kwa muda wa majuma 2 hivi kabla ya kuchota vipande, ikiwa hali yake inaruhusu. Lakini uamuzi huo ni wa daktari, si wako wala wangu. Na tafadhali usije ukamwachisha mtu dawa za kifua kikuu au za kupunguza makali ya virusi vya UKIMWI kwa kusikia maneno haya. Hizo ziendelee kama zilivyo. Mwambie daktari tu kila dawa anayomeza, pamoja na za mitishamba, na hata zile unazoona haya kuzitaja. Hatukucheki.

Maambukizi yakithibitishwa, mfupa uliokufa huondolewa, chuma hubadilishwa au hutolewa, na mgonjwa hupewa antibiotiki zinazofaa bakteria wake, mara nyingi kwa majuma 6 hadi 12. Wengine hupasuliwa kwa hatua mbili, kwanza kusafisha, halafu baadaye kuunga. Katika muda huo CRP na ESR hupimwa tena na tena, na hapo ndipo vipimo hivi hufanya kazi yake nzuri kabisa, kwa kuwa daktari hutazama kama vinashuka. Sitakuficha kwamba safari hii ni ndefu. Uliza mapema gharama zake na kama zinalipiwa na bima. Kumbuka tangu Oktoba 2024 bima ya taifa ni SHA, si NHIF tena, kwa hiyo hakikisha mgonjwa ameandikishwa na mchango wake umelipwa kabla hajalazwa.

Kuna wakati ambapo hutakiwi kungoja damu wala tarehe ya kliniki. Mguu ukivimba ghafla ukawa wa moto na mwekundu, usaha ukitoka, homa ikija na kutetemeka, au mtoto mdogo mwenye homa akikataa kabisa kutumia mkono au mguu wake, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku.

Wale wengine, wenye mfupa uliochelewa na kidonda kikavu, nendeni kliniki na faili lenu. Muulize daktari maswali haya kwa upole: "Daktari, tumeshapima ESR na CRP? Zilikuwa ngapi mara ya mwisho, na zinapanda au zinashuka? Ikiwa atapasuliwa tena, mtachota vipande vya kuotesha?" Hakuna daktari mwema atakayekasirika. Akisema CRP haipimwi hapo, uliza hospitali ya karibu inakopimwa na akuandikie fomu. Damu ya ESR haifai kukaa saa nyingi kabla ya kupimwa, kwa hiyo ni afadhali mgonjwa mwenyewe aende maabara kuliko chupa kuzungushwa na boda boda.

Muda wetu umekwisha. Juma lijalo, siku na saa kama hii, tutazungumza juu ya kumwogesha mgonjwa aliyefungwa plasta bila plasta kulowa. Uwe na jioni njema.